Masisi: Hakuna kilima kisicho na wenyewe

Ujumbe ulifika usiku wa mwezi wa sita 2025. Umeme ulikuwa umekatika mtaani Ndosho, mjini Goma, na watoto walikuwa wamelala. Ilikuwa sauti ya ndugu aliye Canada, mtoto wa baba mdogo, ambaye bado anamwita mkubwa wake "yaya" ijapokuwa miaka kumi na miwili imepita bila kuonana. Alisema atakuja mwezi wa nane pamoja na mke, watoto wawili na marafiki wawili wenye pesa. Aliomba mambo mawili.

La kwanza: yaya amchagulie hoteli ya kifahari, lakini ile isiyoharibu mazingira, na isiyozidi saa tatu kwa gari kutoka Goma. La pili alilitia mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo. "Yaya, kile kilima cha juu ya Mushaki, si watu walikimbia wote? Ni kitupu kile. Tutafutie hekta ishirini. Tutajenga loji ya mbao na umeme wa jua, hatutaharibu hata mti mmoja. Wewe utapata dola elfu mbili zako."

Yaya huyo ni dereva. Alizaliwa Mushaki, wilaya ya Masisi, na kwa miaka mingi aliendesha jipu la kampuni moja ya utalii mjini Goma. Mapigano yalipofika Mushaki mwaka 2023, yeye na familia walishuka kwa miguu hadi Sake, kisha wakaingia kambi ya Bulengo. Mwezi wa pili 2025, wiki chache baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa na wahami wakaambiwa warudi makwao. Wengi walirudi. Yeye alipanga chumba kimoja Ndosho, maana alisikia kwamba kwao hakuna bati lililobaki juu ya nyumba. Leo anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni anampelekea mwenye pikipiki pesa yake kabla ya kununua unga.

Kwa mtu wa namna hiyo, dola elfu mbili ni kodi ya chumba kwa miaka kadhaa na minervali ya watoto wanne. Hakulala vizuri usiku ule.

Kesho yake aliazima daftari la binti yake akaanza na ombi la kwanza, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Njia zote hizo anazijua. Alizipita mvua na jua, akiwa na wageni nyuma na masanduku yao juu ya gari.

Wageni huita hoteli za aina hiyo hoteli za kijani. Mara nyingi wanachoangalia ni mambo ya macho: vibao vya jua juu ya paa, nyasi badala ya mabati, maji kwenye chupa ya kioo badala ya plastiki. Dereva naye alikuwa na kipimo chake, kwa sababu yeye hakulala vyumbani. Alisubiri nyuma, uani, pamoja na wapishi na wafua mashuka. Huko uani mtu anajua mambo mengine. Mboga hizi zimetoka shamba la nani? Jiko hili linawaka kwa makala ya msitu gani? Maji machafu yanaelekea wapi? Wafanyakazi wanatoka kijiji cha jirani au wameletwa kwa ndege? Na udongo huu, kabla ya hoteli kusimama hapa, ulikuwa wa nani?

Aliandika kwanza Rumangabo. Ni kilomita 45 hivi kaskazini mwa Goma, kwenye barabara ya Rutshuru. Pale ndipo makao makuu ya Mbuga ya Virunga, mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika, iliyoundwa mwaka 1925. Ndani ya msitu huo kuna Mikeno Lodge, vijumba vyenye mahali pa kuota moto, na nyani mbega wakiruka juu ya miti. Kando yake kuna kituo cha Senkwekwe, nyumba ya sokwe wa milimani walioachwa yatima. Huko alikufa Ndakasi, mwezi wa tisa 2021, mikononi mwa mlezi wake André Bauma, na habari hiyo ilizunguka dunia nzima.

Kwa kipimo cha uani, mahali hapo palipata alama nzuri. Kibali cha kuona sokwe kilikuwa dola 400, na mbuga ilikuwa na kazi nyingine zinazoonekana kwa macho ya wanavijiji. Bwawa la umeme la Matebe, lililofunguliwa mwezi wa kumi na mbili 2015 kwenye mto Rutshuru, lilileta taa katika nyumba ambazo hazijawahi kuona taa. Mtu aliyepata umeme ana sababu ya kupunguza makala, na makala mengi ya Goma hutoka kwenye miti ya mbuga hiyohiyo.

Lakini dereva alikumbuka pia gharama ya njia ile. Mwezi wa tano 2018 mlinzi mmoja wa mbuga aliuawa na watalii wawili wa Uingereza wakatekwa. Utalii ukasimama hadi mwezi wa pili 2019. Mwaka uliofuata ikaja Covid. Mwezi wa nne 2020 walinzi 12 wa mbuga waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo. Mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ikalipuka. Mwisho wa mwaka huohuo vita vya M23 vikaanza upya, na mwezi wa kumi 2022 Rumangabo yenyewe ikatekwa. Mbele ya jina hilo aliandika: "Pazuri. Si mwaka huu, na watoto."

Pili aliandika Tchegera. Ni kisiwa cha Ziwa Kivu, kilichopinda kama mwezi mchanga kwa kuwa ni ukingo wa mdomo wa volkano ya zamani. Wageni walilala kwenye mahema makubwa, wakaangalia Nyiragongo ikiwaka usiku ng'ambo ya maji. Hakuna gari linalofika kule. Gari linaishia bandarini na mtumbwi wa mota unaendelea. "Ndugu yangu aliomba saa tatu za gari," aliwaza, "hakusema kitu juu ya kuogelea." Alicheka peke yake, akageuza ukurasa.

Tatu aliandika ng'ambo ya mpaka. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa kwanza 2025, kwa hiyo ndugu angeshukia Kigali kwa vyovyote. Kutoka Gisenyi hadi Musanze ni kilomita 60 hivi za lami nzuri, kisha unapanda Kinigi, chini ya volkano zilezile zinazoonekana Goma. Huko nyumba za kifahari ni nyingi, na kibali cha sokwe ni dola 1,500 tangu mwaka 2017. Bisate Lodge ilifunguliwa mwaka huohuo wa 2017, nyumba za duara kama viota kwenye mteremko uliokuwa mashamba, na mgeni anaalikwa kupanda mti wa asili kabla ya kuondoka. Usiku mmoja kwa mtu mmoja unapita dola elfu moja.

Hata hivyo jina alilolipigia mstari lilikuwa jingine: Sabyinyo Silverback Lodge. Huko kipimo chake cha uani kilijibiwa. Jengo lile ni mali ya SACOLA, chama cha wakaaji wa Kinigi na Nyange. Kampuni ya kigeni inaiendesha tu, na kila mgeni anapolala, kuna fedha inayoingia kwenye chama. Fedha hiyo imesaidia kujenga nyumba za watu na madarasa. Pia Rwanda inatoa asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga kwa vijiji vinavyozizunguka. Kabla ya 2017 ilikuwa asilimia 5.

Ombi la kwanza likawa limekwisha. Aliandika: "Mdogo wangu, lala Kinigi, kwenye ile iliyo ya wanakijiji. Siku moja vukeni mje Goma kusalimia familia." Akafunga daftari.

Mke wake ndiye aliyelifungua tena. Yeye ni mzaliwa wa Itebero, wilaya ya Walikale, na kwao hoteli ya kifahari haijawahi kuonekana hata moja. Kutoka Goma hadi Walikale kwa njia ya Masisi, gari lenye nguvu laweza kutumia siku tatu mvua ikinyesha. Alisikiliza ile sauti ya shemeji mara mbili, akauliza: "Na hilo la pili, umemjibu nini?"

Dereva akasema bado anafikiri. Akasema loji ya mbao si mgodi. Haitachimba coltan kama Rubaya, haitaleta tope mtoni. Akasema hata kilima kitapumzika.

Mke hakupandisha sauti. Alimkumbusha hadithi ya kwao. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, upande wa Bukavu, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilomita mraba 6,000 hivi, ikashuka katika misitu ya chini mpaka Walikale. Lengo lilikuwa jema: kulinda sokwe wa nyanda za chini za mashariki, ambaye haishi nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Congo. Lakini Wabatwa waliokuwa wakiishi ndani ya msitu ule wa juu walifukuzwa, bila shamba jingine, bila malipo. Walipita karibu miaka hamsini wakidai. Mwezi wa saba 2024 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilipotangaza uamuzi wake kwamba Serikali ya Congo ilivunja haki zao, na kwamba ardhi yao inapaswa kurudishwa.

"Wale nao walisema hawaharibu mti," mke alisema. "Na kweli hawakuharibu mti. Waliondoa watu. Sisi leo tunaishi kwa nani, si kwa watu, sababu tuliondolewa?"

Siku ya tatu dereva alitia mafuta kwenye pikipiki akaelekea Sake. Alijiambia anaenda kuona tu.

Kutoka Sake barabara inapanda kwa kona nyingi, na hewa inaanza kuwa baridi. Yeyote aliyefika Masisi anajua kwa nini wageni waliiita Uswisi ya Congo. Vilima vinafuatana kama migongo ya ng'ombe waliolala, majani ni mafupi na ya kijani kibichi, na asubuhi ukungu unajaa mabondeni. Huko ndiko fromaji ya Masisi inatoka, ile ya duara inayouzwa barabarani na sokoni Goma, ufundi ulioletwa na mapadri kutoka Ulaya na kubaki mikononi mwa wenyeji. Viazi, maharagi na kabichi za Masisi zimelisha Goma tangu zamani, zikishuka juu ya malori na chukudu. Njia zilipofungwa kwa vita, kila mama wa Goma aliona bei ya maharagi ikipanda.

Aliacha pikipiki kwa kijana mmoja pale Mushaki akapanda kwa miguu. Kilima kilikuwa kama alivyokikumbuka, na hakikuwa. Miti ya eukaliptusi ya jirani mmoja ilikuwa imekatwa yote. Nyumba tatu hazikuwa na mabati, na kwenye moja milango na madirisha vilikuwa vimeng'olewa. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Aliangalia ziwa likimetameta mbali chini na volkano mbili zikisimama mbele yake, akaelewa kwa nini ndugu yake anakitaka. Hakuna mgeni ambaye hangelipa kuamka mahali kama pale.

Alianza kuhesabu hatua. Alikuwa amefika mia moja na arobaini aliposikia sauti.

"Mwanangu, unapima nini?"

Alikuwa mama mzee mwenye jembe, ameinama katika kipande kisichozidi mita ishirini. Kilikuwa kimelimwa vizuri, na viazi vilikuwa vimeanza kuchipuka. Alirudi mwezi wa tatu, peke yake, kutoka kambini. Analala katika nyumba ya kanisa, anapanda kila asubuhi. Alimtambua dereva kwa uso wa baba yake.

Dereva alikosa jibu. Akasema: "Shikamoo mama, naangalia tu."

Mama mzee hakuuliza zaidi. Alisimama, akanyoosha jembe kama fimbo ya mwalimu, akaanza kutaja. Kutoka mti ule hadi kwenye jiwe ni shamba la familia iliyo Minova. Chini yake, la wajane wawili walio Goma, nyumba ya mtu wao. Pale penye magugu mengi, mwenyewe alikufa Bulengo kwa kipindupindu, lakini ana vijana wawili. Huku, la watu waliokimbilia Nyabiondo kwa ndugu wa mama. Lile la juu, la mwalimu. Hiki ni changu. Na kile cha mwisho, mwanangu, si ni cha baba yako?

Mashamba saba. Dereva alikuwa amehesabu hatua mia moja na arobaini ndani ya mashamba matatu ya watu, na aliwajua wote kwa majina.

Aliporudi Ndosho usiku, hakuandika. Alituma sauti, dakika sita, na mke wake alikuwa akisikiliza kando. Alimweleza mdogo wake habari za mama mzee. Akamweleza pia jambo ambalo watu wa Masisi wanalijua kwa machungu. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Kwa mashamba ya vijijini, yanayoshikwa kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kuyapanga. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mwenye pesa anaweza kupata karatasi ofisini mjini, na aliyezaliwa juu ya kilima akaja kujua siku anapoona waya wa seng'enge. Ugomvi mwingi uliomwaga damu Masisi ulianzia kwenye karatasi na seng'enge.

"Ukinunua leo," alisema, "utanunua kwa nani? Kwa anayeshika bunduki? Kwa mimi? Mimi nina shamba moja tu pale, na hata hilo ni la baba na ndugu zangu wote, wewe ukiwemo. Hiyo loji itakuwa na umeme wa jua na choo kisichochafua maji, wageni wataipenda. Lakini wale wajane watapita barabarani wakienda kuomba kibarua cha kufua mashuka kwenye shamba lao wenyewe. Mimi nimekaa uani miaka mingi, najua kinachosemwa kule."

Hakumfungia mlango. Alisema kama amani itarudi na watu wakarudi, familia saba zinaweza kukaa kwenye barza pamoja na shefu wa kijiji na wazee, zikaunda chama chao kama watu wa Kinigi. Mwenye pesa alete pesa, wenye kilima walete kilima, mkataba uandikwe kwa Kiswahili, na kila mtu aondoke na nakala. "Hapo nitakuwa dereva wako wa kwanza. Hiyo dola elfu mbili, kaa nayo."

Mke alinyamaza muda, kisha akauliza kodi ya mwezi huu itatoka wapi. Hakukuwa na jibu. Kesho yake alitoka saa kumi na moja alfajiri na pikipiki, mapema kuliko siku zote.

Ndugu wa Canada alikaa siku nne bila kujibu. Siku ya tano aliandika kwa ufupi kwamba amepanga vyumba Kinigi. Juu ya kilima hakusema kitu, ila aliuliza swali moja: "Yule mama mzee, anahitaji nini?" Dereva akajibu: mbegu za viazi na mabati kumi na mawili. Hadi sasa, mabati bado hayajafika, na mbegu pia.

Lakini daftari la binti lina ukurasa mpya. Dereva ameandika mashamba saba, mti na jiwe la kila mpaka, na majina ya wenyewe, kama mama mzee alivyoyataja. Amepata simu za familia tano. Ya Minova ilikuwa haijui kama kuna mtu yeyote aliyebaki hai juu ya kilima. Mwanamke aliyepokea simu alilia, kisha akauliza kama mti wake wa parachichi bado umesimama. Umesimama.

Familia zilizokimbia Masisi na Walikale, popote zilipo, zinaweza kufanya hivyohivyo leo, bila pesa. Kuandika shamba liko wapi, linapakana na nani kila upande, ni miti au mawe gani yanayoonyesha mpaka, na wazee gani wanalijua. Kuweka nakala mbili kwa watu wawili tofauti, na kupiga picha kwa simu ikiwezekana. Wajane na mayatima waandikwe kwa majina yao, si kwa jina la shemeji. Na yeyote atakayeletewa pesa ili atie sahihi kwa ajili ya kilima cha jirani aliye mbali, ampigie simu jirani huyo kwanza.

Dereva anatafuta bado familia mbili: ile iliyoelekea Nyabiondo, na vijana wawili wa marehemu wa Bulengo.